Majina ya Mama Zetu Yaandikwe Daftarini



Sisi tuandikao maneno haya tu karani wa mgodi wa dhahabu. Kazi yetu ni kalamu na daftari: nani amefika, nani amekosa, nani amebeba magunia mangapi, nani anadai na nani anadaiwa. Nyumba yetu iko Eringeti, karibu kilomita 60 kaskazini ya Beni, katika barabara kuu iendayo Komanda na Bunia. Tulisoma sekondari ya misioni, na tangu tulipotoka huko tumeishi kwa kalamu. Leo twataka kusema juu ya daftari letu, maana limetutia aibu.

Wakati wa likizo alifika kwetu binti mmoja wa hapa hapa Eringeti, asomaye sheria katika chuo kikuu huko Butembo. Walimu wake walimwagiza aandike juu ya kazi na wafanyakazi, na yeye akachagua kuandika juu ya wanawake machimboni. Akaomba kuona daftari. Tulimfungulia kwa majivuno, kwa kuwa hati yetu ni safi na hesabu zetu hazina kosa. Akasoma ukurasa wa kwanza, majina ya wanaume mmoja mmoja, siku zao na malipo yao. Akasoma wa pili, akasoma wa tatu. Kisha akauliza: "Kaka karani, wanawake wako wapi?"

Tukamwonyesha kwa kidole chini ya ukurasa. Pale palikuwa na mstari mmoja tu: "Wanawake: 23."

Hakusema neno la ukali. Alisema tu, "Kaka, hata mifuko ya saruji huandikwa hivi." Wazee walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile tulianza kuona ugonjwa wetu.

Ndugu wasomaji, kila mtu aliyefika machimboni anajua kazi ya mama zetu. Wao hubeba mawe kutoka mdomo wa shimo mpaka mahali pa kutwanga. Wao hutwanga mawe hayo kwa chuma tangu asubuhi hadi jua kuzama, vumbi likiwaingia kifuani. Wao huosha mchanga wakiwa ndani ya maji hadi magotini. Tena ni wao wapikao chakula na kuchota maji, bila hayo hakuna mwanaume ashukaye shimoni. Dhahabu ikitoka, twasema wanaume wameitoa.

Na malipo je? Tutasema ukweli, maana daftari ni letu. Mwanaume abebaye gunia hulipwa kwa gunia. Mama abebaye gunia lile lile, katika njia ile ile, hulipwa pungufu ya theluthi moja. Wala halipwi mkononi. Fedha yote ya wale 23 hupewa kapita, naye huigawa ajuavyo, baada ya kutoa fungu lake mwenyewe. Tuliuliza zamani kwa nini iwe hivyo, tukajibiwa kwamba ndiyo desturi. Tukanyamaza, tukaendelea kuandika.

Yuko mama mmoja ambaye hatutamtaja. Mume wake aliuawa shambani, naye akabaki na watoto wanne na wa tano tumboni. Alitwanga mawe mpaka karibu ya kujifungua. Aliporudi na mtoto mgongoni, alikuta mahali pake pamepewa mwingine, na malipo ya siku zake za mwisho kapita alikana kwamba anadaiwa. Mama akaja mezani kwetu. Tukafungua daftari, tukamwambia: "Mama, jina lako halimo." Tulisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye haki, kana kwamba jina lilijitoa lenyewe. Mkono uliokosa kuliandika ulikuwa mkono wetu.

Basi tusikilize yale aliyotufundisha mwanafunzi yule, tuyapime.

Kwanza alitueleza sheria. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inaiagiza Serikali iondoe kila ubaguzi juu ya mwanamke. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yasema kwamba kazi ikiwa sawa, ufundi ukiwa sawa na mavuno yakiwa sawa, mshahara uwe sawa, bila kutazama kama ni mwanaume au mwanamke. Tena nchi yetu ilikwisha kutia sahihi kabla ya hapo: mwaka 1969 ilikubali mapatano ya dunia ya mwaka 1951 juu ya malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Mama wetu anayebeba gunia kwa theluthi pungufu anadhulumiwa kinyume cha neno lililokubaliwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Sheria hiyo hiyo ya 2002 humpa mwanamke mwajiriwa majuma 14 ya kupumzika kwa ajili ya uzazi, naye apate theluthi mbili za mshahara wake. Akirudi kazini na mtoto wa kunyonya, apewe nafasi mbili za nusu saa kila siku kumnyonyesha. Mimba isiwe sababu ya kumfukuza.

Hapo tulimkatiza. Tulisema: "Dada, hayo ni ya watu wenye mkataba. Mama zetu hawana karatasi." Naye akajibu jambo ambalo hatukulijua, sisi tunaojidai wasomi. Sheria yataka mkataba uandikwe, lakini usipoandikwa mfanyakazi hapotezi haki yake. Aweza kuthibitisha kazi yake kwa kila ushahidi unaokubaliwa. Akalipiga daftari kwa kiganja, akasema: "Na ushahidi ni huu."

Ndugu, fikirini maneno hayo. Karani akiandika jina, siku na kazi, amempa mfanyakazi shahidi. Asipoandika, amemnyang'anya. Sisi tulidhani karani hana nguvu, ni mtu wa kuandika tu yaliyotendwa na wakubwa. Sasa twajua kwamba kalamu isiyoandika hutenda kazi vilevile, na kazi hiyo humfaidia tajiri.

Pili tulijiuliza desturi hii imetoka wapi. Wengine husema ni mila ya mababu. Si kweli. Mababu zetu hawakuwa na kapita wala daftari la malipo. Desturi ya kumhesabu mwanamke kama nyongeza ya mume tumeirithi kwa kompanyi za ukoloni. Katika Katanga, tangu miaka ya 1920, kompanyi ya madini ya Haut-Katanga ilianza kuwaleta wake za wafanyakazi kambini, ili mwanaume asikimbie kazi, alishwe vizuri na kuzaa watoto watakaokuwa wafanyakazi wa kesho. Mke alipewa posho kwa sababu ya mume. Yeye mwenyewe alipelekwa kufundishwa kushona, kupika na kulea. Si vibaya kujua kushona, lakini nani aliwafundisha mama zetu hesabu? Nani aliwafundisha sheria? Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na ilikuwa mwaka 1964 ndipo Sophie Kanza akawa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu. Miaka miwili baadaye, 1966, akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi hii.

Hata uhuru tuliufungua kwa mlango nusu. Mwaka 1960, wanaume walipopiga kura kuchagua wabunge wa kwanza wa taifa, mama zao hawakuruhusiwa. Walipata haki hiyo mwaka 1967. Na Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimlazimisha mke kuomba ruhusa ya mume kabla ya kufanya jambo lolote la kisheria linalomfunga, kama kutia sahihi mkataba. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2016 tu. Basi mama wa miaka arobaini aliyeko machimboni leo, nusu ya maisha yake na zaidi sheria ilimhesabu kama mtoto. Je, tustaajabu akiogopa kudai?

Tatu, kuna vita. Hatuwezi kusema juu ya kazi ya wanawake hapa kwetu tukaificha habari hiyo. Tangu Oktoba 2014 wilaya yetu ya Beni imekuwa nchi ya maziko. Eringeti ilishambuliwa mwisho wa Novemba 2015, hata hospitali haikuachwa. Hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa Mei 2021 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na baada yake pia watu waliendelea kuuawa. Mashamba ya kakao na mihogo yakiogopwa, mama mjane ataenda wapi? Huenda machimboni. Anayesema "mwanamke akae nyumbani, mumewe atamlisha" aje atuonyeshe mume yuko wapi na nyumba iko wapi. Mshahara wa mama huyu ndio unga wa watoto.

Sasa tuwajibu wapinzani. Wako ndugu wasemao: "Wanawake wakilipwa sawa, fedha yetu itapungua." Ndugu hao wanakosa hesabu. Mwenye mgodi akipata mkono wa bei nafuu, atautumia kumtisha mwenye mkono wa bei kubwa. Mara ngapi mmeambiwa, "Kama hamtaki bei hii, mama watabeba"? Dhuluma ya mama ndiyo fimbo ya kumpigia baba. Siku malipo yatakapokuwa sawa, fimbo hiyo itavunjika. Kule Uingereza, mwaka 1968, wanawake washonao viti vya magari katika kiwanda cha Ford huko Dagenham waligoma kwa sababu kazi yao ilihesabiwa kuwa ya chini. Kiwanda kilisimama, maana gari halitoki bila viti. Mwaka 1970 ikatungwa sheria ya malipo sawa. Na machimboni kwetu, je, dhahabu hutoka bila kutwangwa?

Jambo moja tulibishana na mwanafunzi. Kanuni za Serikali za mwaka 2012 za kupima machimbo zasema chimbo safi ni lile lisilo na watoto wala wanawake wenye mimba kazini. Yeye aliona huko ni kuwabagua. Sisi hatukukubali. Tumeona zebaki ikishikwa kwa mikono mitupu na kuchomwa juu ya moto wa mkaa. Tumevuta moshi ule. Zebaki humdhuru mtoto aliye tumboni, na ni haki mama alindwe. Lakini akatushinda kwa swali moja: "Mkimtoa langoni bila franki hata moja, mmemlinda au mmemfukuza?" Hatukuwa na jibu. Basi twakubaliana hivi: kinga bila malipo ni kufukuzwa kwa adabu. Atolewe katika vumbi na zebaki, apewe kazi nyepesi au pumziko lenye malipo.

Kwa hiyo twaomba mambo manne, wala si makubwa.

La kwanza, makarani wote wa migodi waandike jina la kila mwanamke, siku zake, mzigo wake na malipo yake. Hakuna sheria itukatazayo.

La pili, mama alipwe mkononi mwake, mbele ya shahidi, si kwa kapita.

La tatu, gunia moja liwe na bei moja, libebwe na nani.

La nne, sendika ziwaandikishe wanawake na kuwachagua katika wajumbe wao. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono wetu mpaka leo tumeukunja nusu. Mwajiri akikataa, shauri lipelekwe kwanza kwa mkaguzi wa kazi ili apatanishe, kisha mbele ya hakimu. Lakini mkaguzi atauliza: majina yako wapi?

Mwanafunzi amerudi Butembo kwa masomo yake. Wakubwa hawakutupa amri yoyote, na huenda tukaulizwa kwa nini tumefanya tulilofanya. Tumenunua daftari jipya kwa fedha yetu. Jumatatu asubuhi tulikaa mahali petu, na mama wa kwanza alipofika na beseni lake kichwani tulimwomba aseme jina lake. Alishtuka, akadhani amekosa. Akauliza, "La nini, baba?" Tukamjibu: "La kulipwa, mama." Akataja jina lake, na la baba yake, polepole, akitazama kalamu mpaka ilipokwisha kuandika.

Siku ile tuliandika majina 23. Yule mama wa watoto watano alikuja saa nne, na lake likawa la 24. Deni lake la zamani tumeliandika pia, siku kwa siku kama alivyokumbuka yeye na wenzake waliotwanga pamoja naye. Halijalipwa bado. Lakini sasa liko daftarini, na kapita hawezi tena kusema kwamba halipo.

Karani mwenzetu usomaye haya, huko Mambasa, Lubero au Mongbwalu: fungua daftari lako leo, utazame chini ya ukurasa.