Afya Nyumbani: Miguu ya Mzee Yataka Kazi

Kuna desturi moja njema katika nyumba nyingi za Kenya, nayo ni kumpumzisha mzee. Mtu aliyelima miaka hamsini, akachota maji, akabeba kuni na kulea watoto, astahili kukaa kivulini na kuletewa chai. Hakuna awezaye kuilaumu desturi hiyo, maana chanzo chake ni heshima. Hata hivyo, heshima ikipita kiasi huweza kumdhuru yule yule anayeheshimiwa, na hilo ndilo jambo lifaalo kufikiriwa juma hili.

Mfano ni huu. Mama mmoja mjane, mwenye umri wa miaka 74, akaa mlimani upande wa Murang'a. Usiku mmoja wakati wa masika alitoka kwenda chooni bila taa, akateleza kwenye udongo mbele ya mlango, akaanguka. Hakuvunjika mfupa, alichubuka kiwiko na kuumia kidogo nyonga, basi. Mwanawe wa kwanza, ambaye kazi yake iko Nairobi, alipopata habari alifika mwisho wa juma akiwa na kiti kikubwa chenye mito. Akalichukua jembe la mama yake na kuliweka ghalani, akawaagiza wajukuu wamletee kila kitu pale alipo.

"Mama, kazi umefanya ya kutosha," akasema. "Tangu leo wewe kaa tu."

"Na kuku, mwanangu? Nani atawaangalia?"

"Kuku wataangaliwa na watoto. Wewe pumzika."

Mama akatii. Miezi minne baadaye hakuweza tena kuinuka katika kiti hicho asiposhikwa mkono. Mwezi wa tano akaanguka mara ya pili, na safari hii ilikuwa mchana, ndani ya nyumba, mahali pakavu.

Majirani walisema, "Ni uzee." Jawabu hilo ni jepesi, tena si la kweli. Uzee ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichoongezeka ni kile kiti.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya themanini katika kila mia ya hao ni wa nchi zenye mapato ya chini na ya kadiri. Wanaokufa zaidi ni watu waliopita umri wa miaka 60. Hapa Kenya, hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa watu wa umri huo ni zaidi ya milioni 2.7. Wengi wao hawatakufa kwa kuanguka, lakini mfupa wa nyonga ukivunjika, mara nyingi mzee hairudii tena hali yake ya kwanza, na nyumba nzima hubadili maisha yake kwa ajili yake.

Basi kwa nini mzee huanguka? Mwili wa mwanadamu husimama wima kwa msaada wa vitu vinne. Cha kwanza ni macho, yanayoonyesha shimo na jiwe. Cha pili ni kiungo kidogo kilicho ndani ya sikio, kinachopima kuinama na kugeuka kwa kichwa. Cha tatu ni mishipa ya fahamu ya nyayo na ya viungo vya miguu, inayoupasha ubongo habari za ardhi inayokanyagwa. Cha nne ni nguvu ya misuli ya mapaja, ya nyonga na ya vifundo vya miguu, ambayo hutii amri upesi mtu anapojikwaa. Wazee walisema kujikwaa si kuanguka, nao walisema kweli: kijana hujikwaa mara nyingi, lakini mguu wake wa pili hufika mbele kwa wakati na kumwokoa. Mguu wa mzee asiyeutumia hufika umechelewa.

Umri hupunguza vyote vinne, lakini cha nne hupunguzwa zaidi na kukaa bure. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwa wazee wachache wenye afya njema, ambao umri wao wa wastani ulikuwa miaka 67. Wazee hao walilazwa kitandani siku kumi mfululizo, ingawa hawakuwa wagonjwa. Siku kumi zilipokwisha, nyama ya miguu yao ilikuwa imepungua karibu kilo moja, na nguvu za magoti zimeshuka pia. Ikiwa siku kumi huweza kuleta hasara ya namna hiyo, msomaji na akadirie miezi minne.

Tena kuna hofu. Mzee akiisha kuanguka mara moja huogopa kuanguka tena. Kwa kuogopa hutembea kidogo, kwa kutembea kidogo hudhoofika, na kwa kudhoofika huanguka. Mduara huo haukatwi kwa kiti. Hukatwa kwa mazoezi yanayofundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo.

Ushahidi wa jambo hilo ulipatikana zamani kidogo katika mji wa Dunedin, nchi ya New Zealand. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Otago waliwachukua wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na zaidi, wakawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilitembelewa nyumbani na mtaalamu wa viungo mara nne katika miezi miwili ya mwanzo. Aliwafundisha mazoezi ya kutia miguu nguvu na ya kushika mizani ya mwili, kisha wakaendelea wenyewe. Kundi la pili lilitembelewa kwa mazungumzo tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 1997: baada ya mwaka mmoja kundi la mazungumzo lilikuwa limeanguka mara 152, na kundi la mazoezi mara 88. Mwaka 2019 wachunguzi wengine walikusanya majaribio zaidi ya mia moja ya nchi mbalimbali, wakaona ya kuwa mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa karibu robo nzima.

Wako watakaosema ya kwamba mtu akiisha kukonga hawezi kuongeza nguvu. Hao na wajibiwe kwa habari za Boston, Marekani, zilizotangazwa mwaka 1990. Wazee kumi dhaifu, waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee, wenye umri wa miaka tisini hivi, walipewa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu mbele ya wasimamizi. Tisa wakaendelea mpaka mwisho wa majuma manane. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya maradufu, na wawili wakaacha kutumia fimbo zao.

Mama wa Murang'a hatimaye alipelekwa hospitali na mwanawe. Mtaalamu wa viungo alikuwa binti kijana. Baada ya kumwamkia kwa adabu akamwomba ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kukaa, huku akihesabu sekunde. Anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa yumo katika hatari ya kuanguka. Mama alitumia 24.

"Nyanya, ni nani aliyekukataza kutembea?" binti akauliza.

Mama hakujibu, alimtazama mwanawe tu. Mwana akainama.

"Kaka, hukukosa kumpenda mama," binti akasema. "Lakini miguu hailindwi kwa kuwekwa akiba. Mrudishie kazi zake kidogo kidogo."

Mazoezi aliyofundishwa si ya ajabu, wala hayataki mashine. La kwanza ni kuinuka kitini na kukaa tena polepole, mara tano mpaka kumi, na nguvu zikiongezeka, kufanya hivyo bila kushika mikono ya kiti. La pili ni kusimama nyuma ya meza nzito, kuishika, na kuinua visigino mara kumi. Kisha kuinua vidole vya miguu mara kumi. La tatu ni kuinua mguu mmoja kando na kuushusha, kisha wa pili. La nne ni kusimama hali kisigino cha mguu mmoja kimegusa vidole vya mguu wa pili, kwa sekunde kumi. La tano ni kutembea kwa upande hatua kumi kwenda na kumi kurudi, karibu na ukuta. Miguu ikizoea, mtaalamu huweza kuongeza mfuko mdogo wa mchanga wa kufungwa kifundoni, na yeye ndiye achaguaye uzito wake. Kazi hiyo huchukua nusu saa, siku tatu kwa juma, na siku nyingine mzee hutembea matembezi ya kawaida.

Hata hivyo yapasa kuangalia mambo mawili. Kwanza, mazoezi ya kusimama yafanywe karibu na kitu kisichosogea, na mwanzoni awepo mtu wa kumsimamia mzee. Pili, mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, au aliyevunjika karibuni asianze kabla ya kuonana na daktari. Daktari huyo aonyeshwe pia dawa zote anazotumia mzee, kwa kuwa baadhi ya dawa za usingizi na za shinikizo la damu huleta kizunguzungu mtu anapoinuka. Lakini mzee asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Macho nayo yapimwe, maana mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na asiyeona shimo hataokolewa na misuli peke yake.

Nyumba nayo ina kazi yake. Mkeka uliokunjika pembe uondolewe njiani. Njia ya chooni imwagiwe kokoto, na kamba au ufito ufungwe kando yake pa kushikia. Tochi iwekwe mahali mkono unapofika kitandani. Mzee akiamka usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa muda, ndipo asimame. Champali zilizolegea zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika kisigino. Fimbo nayo ina kipimo chake: mtu akisimama wima na mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kifike penye kifundo cha mkono. Tena hushikwa kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, wala si upande wa mguu dhaifu, kama wengi wafanyavyo.

Na akianguka je? Watu wasimrukie na kumvuta kwa mikono. Aachwe atulie, ajipime. Ikiwa nyonga inauma sana, au mguu mmoja umeonekana mfupi na umegeukia nje, asiinuliwe kabisa bali afunikwe blanketi na msaada utafutwe apelekwe hospitali. Asipoumia, ajigeuze kwa ubavu, apige magoti na kushika ardhi kwa mikono, atambae mpaka kwenye kiti, aweke mikono juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume na kukaa. Jambo hili hufundishwa kabla ya kuhitajiwa, na mzee alijuaye hupungukiwa na hofu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Kushiriki na kutunzwa vimewekwa pamoja, wala kimoja hakifuti kingine. Mzee anayekatazwa kila kazi ametunzwa nusu tu.

Yule mama alifanya mazoezi yake kwa miezi mitatu, mjukuu wake mmoja akimhesabia kwa sauti kila jioni baada ya shule. Aliporudi hospitali alitembea zile mita tatu na kurudi kwa sekunde 13. Binti hakumsifu kupita kiasi; alimwambia bado kidogo, asiache. Siku hizi kuku wamerudi mikononi mwake, na asubuhi huenda mwenyewe mpaka kwa jirani kwa fimbo yake. Kile kiti chenye mito kingali sebuleni. Mwanawe akija kutoka Nairobi, hukikalia yeye, na mama ndiye amleteaye chai.

Msomaji aliye na mzazi mzee na amwulize jumapili hii swali moja: "Umeanguka mara ngapi tangu mwaka kuanza?" Wengi huficha, wakiogopa kunyang'anywa jembe. Ikiwa jawabu ni hata mara moja, asinunue kiti. Ampeleke kwa mtaalamu wa viungo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mfupa wa nyonga ni ghali sana kuujenga.