Usirine asali yote, nyuki watakuhama

Kijana mwenzangu, kabla hujatuma pesa za mzinga wa pili, hebu tuongee. Zile video unazotazama usiku, za Wazungu wakifunika mizinga kabla ya theluji, hazikuhusu sana. Nyuki wa Ulaya baridi ikija hujikusanya ndani na kula akiba yao hadi maua yarudi. Wetu hawana subira hiyo. Njaa ikiingia wanaondoka, malkia na wote, unabaki na sanduku.

Msimu wetu mgumu ni kiangazi. Kule Kitui nilikoweka mzinga wangu wa kwanza, mvua ya masika ikiisha maua hupungua, na kuanzia Julai ni vumbi tu hadi mvua irudi Oktoba au Novemba. Mimi Juni niliingia na ndoo nikarina kila kitu, hadi masega yenye majana. Nikapiga picha, nikaposti, watu wakanipongeza. Kurudi ushago Agosti, nikakuta buibui na nondo. Mama alicheka tu, akasema babu hakuwahi kumaliza asali kwenye mzinga wake wa gogo. Kumbe jibu lilikuwa nyumbani, sikuuliza.

Kinachoniudhi ni hawa wanaotuuzia mizinga wakisema nyuki hujilisha wenyewe, eti pesa inaingia ukiwa umelala. Hujilisha, ndiyo, kama hujawaibia chakula! Mzinga wa Langstroth, vuna sanduku la juu pekee. La chini ni lao. Ule wa vijiti, acha masega ya asali yaliyo karibu na majana. Najua inauma, hasa kama rent inakungoja Nairobi na wateja wameshalipa. Wape wateja wachache, wengine wangoje.

Halafu kabla ya Julai hakikisha mzinga uko kivulini, maji yako karibu (tia mawe ndani wasizame), na nyaya au miguu ya kibanda imepakwa grisi, maana siafu wakiingia kwa kundi dhaifu hawaachi kitu. Sukari, kilo moja kwa lita ya maji, unaweza kuwawekea jioni ndani ya mzinga wakizidiwa. Hiyo ni huduma ya kwanza lakini, usiifanye mpango.

Mzinga wangu ulikaa mtupu hadi Disemba, kundi jingine lilipoingia lenyewe. Juni iliyofuata nilirina nusu. Agosti nilipoweka sikio kwenye mbao, bado walikuwa wananguruma.