Mtoto wa Miaka Sita na Kambi ya Kiingereza

 

Ndugu Waislamu, katika miaka ya 1990 wazazi wengi waliojiweza waliwavusha watoto wao Namanga na Mutukula, wakalale katika mabweni ya Kenya na Uganda, ili warudi wakisema Kiingereza. Leo shule za mchepuo wa Kiingereza zimeenea nchini, lakini fikra ile haijafa. Bado tunamsikia mzazi wa hapa Singida, akishauza alizeti au vitunguu vyake, akiulizia bweni au kambi ya likizo kwa mtoto ambaye hata udhu hajaweza kuutia vizuri. Na kambi ikiwa nje ya nchi, huiona ndiyo bora zaidi.

Tuseme wazi, tusije tukasingiziwa: hatuna ugomvi na Kiingereza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu kusoma elimu ya kisasa huku akiwakemea walioiga Wazungu kibubusa. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimwamrisha Zaid bin Thabit (r.a.) kujifunza maandishi ya Mayahudi, akayamudu kwa takriban nusu mwezi. Hadithi hii hupenda kusomwa na watetezi wa kambi. Basi waisome yote: Zaid alikuwa kijana aliyekwisha kuhifadhi sura kadhaa za Qur'ani, na alijifunza akiwa Madina, kwao, mbele ya macho ya Mtume.

Mtume (s.a.w.) ametuagiza kuwaamrisha watoto swala wafikapo miaka saba. Agizo hilo amepewa mzazi, hakupewa matroni. Huko kambini nani atamwamsha alfajiri? Nani atauliza nyama aliyokula imechinjwa na nani? Wanatuambia mtoto hudaka lugha upesi. Ni kweli, na desturi huzidaka upesi zaidi. Mtoto wa Ikungi anasema Kinyaturu na bibi yake, Kiswahili na wenzake, na Juzuu Amma anaisoma kwa Kiarabu. Lugha ya nne haitamlemea. Kitakachomlemea ni kulala mbali na mama yake. Hata Serikali, mwezi Machi 2023, ilisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Je, sisi wenye Qur'ani tungoje waraka wa Kamishna wa Elimu ndipo tuwaonee huruma wanetu?

Hata hivyo hofu ya mzazi si ya bure. Kidato cha kwanza masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hukuta ukuta mbele yake. Anayepanda mimbari kuiita lugha hii ya makafiri, bila kumwonyesha mzazi huyo mlango mwingine, ndiye anayemsukuma kambini.

Mlango upo. Likizo za Juni na Desemba madrasa ziko wazi, na walimu Waislamu wa sekondari wako majumbani. Kamati za misikiti ziwaite, saa moja ya Kiingereza kila siku baada ya darsa la Qur'ani. Na mwalimu huyo alipwe posho. Tumezoea mno kuomba vya bure kwa jina la dini.