Sarafu Isiyo na Kwao

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe, maana nitawashtaki na wengine. Mwaka jana, katika muhula wa kwanza wa masomo yangu ya uzamili huku Uingereza, nilinunua pakiti ya sarafu kumi za Kirumi kwa pauni 15. Zilikuwa chafu, zimeganda udongo. Hivyo ndivyo tunavyouziwa sisi wenye mifuko mitupu: hujui ulichonunua mpaka usugue. Kuhusu zilikotoka, muuzaji aliandika neno moja tu, "Balkani." Nikaridhika nalo.

Nilizilowesha kwenye bakuli la uji, nikibadilisha maji kila jioni na kuzisugua kwa mswaki laini, wiki tatu mfululizo. Tisa zilikuwa vipande vya shaba visivyosomeka. Ya kumi ilikubali. Askari wawili wamesimama na mikuki, katikati yao bendera mbili za vikosi, na maneno ya kuusifu utukufu wa jeshi yamezunguka ukingoni. Chini ya miguu yao, herufi ndogo kama mayai ya chawa: SMTSΔ. Sarafu takatifu, yaani ya kaizari, Thesalonike, karakana ya nne. Ni ya zama za Konstantino, kati ya mwaka 330 na 335 hivi. Ingekuwa ya baadaye kidogo ingekuwa nyepesi zaidi, na bendera ingekuwa moja badala ya mbili.

Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Jirani aligonga ukuta.

Nayasimulia haya ili mjue kwamba sisemi kama mtu wa nje. Ninaupenda ugonjwa huu wa kutafuta vitofauti vidogo. Napenda kwamba jani la shada linaweza kugeuka, kwamba nyota iliyo juu ya mbwa mwitu wa Roma inaweza kuongezewa nukta, kwamba kule Arles waliweka kati ya zile bendera mara shada, mara alama ya Kristo. Patrick Bruun alipoandika juzuu ya saba ya katalogi kuu ya sarafu za Kirumi, iliyotoka mwaka 1966, alipanga vitu hivi kiwanda kwa kiwanda, alama kwa alama, na mimi nimekesha na kitabu hicho kuliko nilivyokesha na tasnifu yangu. (Msimamizi wangu hasomi Kiswahili, namshukuru Mungu.)

Kuna wanaotucheka. Mwenzangu wa darasani, kijana wa Mombasa, aliniambia, "Wewe Mtanzania na nukta za Warumi, wapi na wapi?" Wapo pia wakusanyaji matajiri, wale wa kaizari mmoja sarafu moja, sura nzuri na dhahabu ikiwezekana, wanaotuona kama watu wanaohesabu matofali ya nyumba badala ya kuingia ndani. Kwa hao jibu ninalo. Mwaka 82 kabla ya Kristo, Roma ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, afisa wa sarafu aliyeitwa Publius Crepusius alitoa dinari za fedha zenye Apolo upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili. Kila muhuri wa nyuma ulipewa namba, na namba hizo zinapita 500. Mbele kuna herufi na alama ndogo. Kwa miaka mingi yalionekana mapambo tu. Watu walipokaa chini na kulinganisha sarafu moja moja, hasa Theodore Buttrey mwaka 1976, zile herufi na namba zilianza kueleza mihuri ilivyopokezana kazini na jinsi kiwanda chenyewe kilivyoendeshwa. Hakuna mwanahistoria wa Kirumi aliyetuachia habari hiyo. Wametuachia wachonga mihuri, bila hata kukusudia.

Kwa hiyo sikubali kwamba vitofauti vidogo ni upuuzi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaovipenda. Tumejizoeza kuona kila kitu kilicho juu ya sarafu, hadi nukta, halafu tukakubali kutojua chochote kuhusu ardhi iliyoitoa. Mtu atabishana usiku kucha kama ile ni nukta au ni tone la kutu, na hataona aibu hata kidogo kwamba hajui sarafu ilichimbwa nchi gani.

Tazama kilichotokea Frome, huko Somerset, mwaka 2010. Mtu mwenye mashine ya kutambua metali alikuta chungu shambani. Alipoona sarafu za kwanza, aliacha kuchimba, akaita wanaakiolojia. Ukimya huo wa mikono ndio ninaoustahi kuliko mkusanyiko wowote. Chungu kilikuwa na sarafu 52,503, nao wakazitoa tabaka kwa tabaka, kila tabaka na mifuko yake. Ndipo ikaonekana kwamba sarafu za Carausius, zilizo miongoni mwa zile za mwisho kabisa mle ndani, nyingi zilikuwa zimelala chini zaidi. Chungu kingekuwa kibubu cha kuwekea akiba mwaka hadi mwaka, sarafu mpya zingekuwa juu. Hivyo wengi wakaona kwamba kilijazwa kwa mara moja, labda na watu wengi, labda kama sadaka. Mwaga chungu kile kwenye ndoo na bado unazo sarafu zote 52,503, na kila kitofauti kidogo, na kila alama ya kiwanda. Ulichopoteza ni sababu ya wao kuzizika.

Sarafu yangu ya Thesalonike ilimwagwa kwenye ndoo. Nani aliimwaga, sijui, na hapo ndipo kosa langu lilipo.

Najua utetezi, nimeutumia mwenyewe. Sarafu hizi ni nyingi mno, makumbusho hayazitaki. Ni kweli hayazitaki. Lakini anayezunguka na mashine usiku huko Bulgaria, ambako uporaji wa maeneo ya kale umekuwa biashara tangu ukomunisti uanguke, hachagui. Shimo la kutolea shaba ya pauni moja linakata sakafu, kaburi na ukuta sawasawa na shimo la kutolea dhahabu, na kwa sababu shaba ni bei ndogo, yanahitajika mashimo mengi. Mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya Bruto, ile ya kusherehekea kuuawa kwa Kaisari, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya dola milioni 4. Nyaraka za asili yake zilikuwa za uongo, na mwaka 2023 Marekani ikairudisha Ugiriki. Waendesha mashtaka wanapanda ndege kwa ajili ya sarafu ya namna ile. Kwa ajili ya delta yangu hapandi mtu hata baiskeli.

Na yule kijana wa Mombasa aliyeuliza wapi na wapi: hapahapa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hazina mwaka. Zina jina la sultani na maneno yenye vina, upande mmoja ukiuitikia mwingine, jambo ambalo kwa watu wa mashairi kama sisi lilipaswa kuwa kwenye vitabu vya shule. Kwa kuwa hazina mwaka, mahali zilipolala ndipo penye ushahidi. Huko Songo Mnara, kwa kuwa wachimbaji waliandika kila sarafu ilipokuwa, tunajua kwamba watu waliziacha makaburini, kwa wafu wao. Lakini zile tano za Kilwa alizookota askari mmoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944? Wasomi wanabishana mpaka leo zilifikaje, kwa sababu wakati zinatolewa mchangani hakuna aliyeandika zilivyolala na kilichokuwa kando yake.

Simwambii mtu aache kukusanya. Huku Uingereza zipo sarafu zilizoripotiwa, zikapewa namba ya kumbukumbu na jina la eneo, kisha zikarudishwa kwa waliozipata na kuuzwa kwa halali. Ni ghali zaidi. Basi nunua moja badala ya kumi. Na tuache kuwaambia wageni wa mchezo huu kwamba pakiti ya sarafu chafu ndiyo mlango wa kuingilia. Mimi niliingilia hapo, najua kilicho nyuma ya mlango.

"Basi irudishe," mwenzangu aliniambia. Irudishwe wapi? Balkani haina anwani. Nilimwandikia muuzaji nikamwomba anitajie angalau nchi. Alijibu siku hiyohiyo, kwa adabu, akinipa punguzo la asilimia 10 kwa pakiti inayofuata.