Tuliwasifu Wauguzi, Hatukuwajulia Hali

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, ni muuguzi katika mojawapo ya hospitali za Mombasa, na mpaka leo, ijapokuwa marufuku zote za korona zimekwisha kuondolewa na watu wamesahau hata mahali walipozitupa barakoa zao, yeye akirudi kazini huvua viatu barazani, huzunguka nyuma ya nyumba, akaoga uani kwa ndoo iliyotekwa maji tangu asubuhi, ndipo aingie ndani kumsalimu mwanawe. Mtoto alikuwa na miaka minne ada hiyo ilipoanza, naye amekua akijua kwamba mama ni mtu wa kusubiriwa mpaka akauke maji. Hakuna mtu pale nyumbani anayelitaja jambo hilo. Mimi nilidhani kwa muda mrefu kuwa ni usafi tu, hata siku moja nikamkuta jikoni amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, mara simu ya jirani ikalia upande wa pili wa ukuta, naye akaacha kukuna, kizio mkononi, akabaki vile vile ilhali ile simu imekwisha kunyamaza kitambo.

Nilimwuliza kulikoni. Katika wodi ya karantini, akanieleza, jamaa za wagonjwa walikuwa hawaruhusiwi kuingia, basi muuguzi ndiye aliyekuwa akiishika simu na kuisogeza sikioni mwa mgonjwa, asikie sauti za watu wake. "Mlio ule, mjomba, ulikuwa wa simu ya mzee mmoja. Wanawe walipiga naye amekwisha kukata roho, daktari hajafika bado kuthibitisha, na mimi sina ruhusa ya kusema. Ikalia mpaka ikachoka." Hakuongeza neno, wala mimi sikupata la kumjibu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu nadhani tunakosea tunapozungumza juu ya taabu ya nafsi za wauguzi na matabibu katika zama za maradhi ya kuambukiza kana kwamba ni uchovu tu wa kazi nyingi, kitu cha kuponywa kwa usingizi wa siku mbili na kikombe cha chai. Uchovu ulikuwapo, sikatai. Lakini kuna jeraha jingine, ambalo mimi huliita jeraha la dhamiri, nalo humpata mtu aliyelazimishwa na hali kutenda, au kuacha kutenda, kinyume cha yale aliyolelewa kuyaona kuwa ni haki. Mpwa wangu amekulia Mji wa Kale, mahali ambapo maiti huoshwa kwa upole kama mtoto mchanga, akatiwa karafuu maiti, akavishwa sanda na kusaliwa na umati. Akajikuta, katika miezi ile ya mwanzo ya mwaka 2020, ndiye anayeifunga zipu ya mfuko wa plastiki juu ya uso wa mtu, kisha huyo mtu akaenda kuzikwa mbiombio mbele ya jamaa wachache waliosimamishwa mbali. Tarehe 6 Mei mwaka huo Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, asiingie mtu wala asitoke ila kwa dharura, na yeye ambaye kazi yake ndiyo hiyo dharura alipita katika vizuizi vya polisi kila zamu, akirudi kwa majirani ambao, Mungu awasamehe, walikuwa wakiwaita watoto wao ndani kila wamwonapo anakuja.

Wala jambo hili halikuwa la Mombasa peke yake. Uchunguzi mmoja wa mapema kabisa, uliofanywa China mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 2020 katika hospitali 34, uliwauliza wahudumu 1,257 juu ya hali zao, ikaonekana kuwa nusu yao walikuwa na dalili za sonona, theluthi moja wamepotewa na usingizi, na saba katika kila kumi wamo katika dhiki ya moyo. Na hayo ni kabla ya sehemu kubwa ya dunia kulijua hata jina la maradhi yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria baadaye kwamba tangu Januari 2020 hadi Mei 2021 wahudumu wa afya waliokufa kwa korona walikuwa baina ya 80,000 na 180,000. Kila mmoja wa hao aliacha wenziwe waliomjua kwa jina, ambao kesho yake walitakiwa kuishika zamu yake.

Na sisi tuliwafanyia nini? Tuliwaita mashujaa. Naungama kuwa neno hilo nililiandika mimi mwenyewe, katika makala mbili au tatu, kwa nia njema na kwa kalamu nyepesi. Sikutambua wakati ule kwamba sifa ina namna yake ya kumfunga mtu mdomo, kwa maana shujaa halii, shujaa haulizi mshahara wake uko wapi, wala hasemi kuwa usiku anasikia simu zisizolia. Desemba ya mwaka ule ule wauguzi wa Kenya walipogoma, na madaktari wakawafuata baada ya wiki mbili, wakidai vifaa vya kujikinga, bima na haki zao, niliwasikia watu waliokuwa wakiwasifu mwezi wa Aprili wakiwalaani barazani kuwa hawana utu. Mwezi huo huo alikufa daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa korona, na wenzake wakatangaza hadharani kwamba alikufa hali hajalipwa mshahara kwa miezi. Ushujaa tulimpa bila ya kuchelewa.

Yuko atakayesema kuwa hii ndiyo kazi waliyoichagua, tena wakala kiapo. Ni kweli, ila sijaona kiapo kinachomtaka mtu afanye kazi bila glavu. Mwingine atanitajia methali, mganga hajigangi, nayo aghalabu husemwa kwa kicheko, kama fumbo la kumkejeli mganga. Mimi naiona kuwa ni hoja nzito: ikiwa hawezi kujiganga, basi ni lazima awepo wa kumganga.

Hapo humkumbuka Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, karibu na Gulu, kaskazini ya Uganda. Mwaka 2000 ebola iliingia huko, na hata ilipokwisha walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 425, na 224 miongoni mwao wamekufa. Mwishoni mwa Novemba, wauguzi wa Lacor walipowaona wenzao wakifa mmoja baada ya mwingine, waliobaki walikataa kuingia wodini, wakakusanyika. Lukwiya hakuwapelekea barua ya onyo. Aliwaendea mwenyewe, akakaa nao, akayasikiliza maneno yao yote, ya hofu na ya ghadhabu, kisha akawaambia kwamba anayetaka kuondoka na aondoke, yeye atabaki. Wakarudi kazini. Siku chache baadaye homa ikamshika yeye, na tarehe 5 Desemba akafariki. Sisi waandishi tukimtaja humtaja kwa kifo chake, kwani kifo huandikika vizuri. Lakini kinachonivuta mimi zaidi ni kile kikao, mkuu wa hospitali ameketi mbele ya watu wenye hofu, hana jambo jingine la kufanya ila kusikiliza.

Kikao cha namna hiyo hakiwezi kuachiwa bahati ya kumpata mkubwa mwenye moyo kama wake. Ni wajibu wa serikali za kaunti na wa kila mwenye hospitali kukiweka katika utaratibu wa kazi, ndani ya saa za zamu, mbele ya mnasihi asiye na mamlaka ya kumpandisha mtu cheo wala kumhamisha. Maana nambari ya simu iliyobandikwa ukutani karibu na saa ya kutia sahihi, hata ikiwa ya bure, haipigwi na mtu anayeogopa kuwa neno sonona likiingia katika faili lake halitoki tena. Hofu hiyo haiko kwetu tu. Daktari Lorna Breen, aliyeongoza idara ya dharura katika hospitali moja ya New York, alijiua Aprili 2020, na jamaa zake walisema aliogopa kwamba kutafuta matibabu ya akili kungemharibia leseni. Marekani ikapitisha sheria kwa jina lake Machi 2022. Na kabla ya mnasihi uje mshahara, ulipwe kwa wakati wake, pamoja na idadi ya watu inayotosha kuijaza zamu, kwa sababu kumtumia nasaha mtu anayedaiwa kodi ya nyumba ni dhihaka.

Sisi wa pwani tuna ada ya kumjulia hali mgonjwa. Tunaandamana saa ya kuona wagonjwa, huyu na chupa ya uji, huyu na machungwa, tunakizunguka kitanda, na muuguzi amesimama papo hapo pembeni na kadi yake mkononi. Tunamwuliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Anatujibu. Tunamshukuru, tunaondoka.

Juma lililopita nilimwuliza mpwa wangu kama, tangu karantini ile ilipofungwa, yuko mtu yeyote wa pale kazini aliyemwita akamwuliza juu ya siku zile. Alifikiri kidogo.

"Waliniita mara moja, mjomba, mwaka ule wa pili. Walitaka hesabu ya magauni."

Kisha akainuka, akaenda uani kuijaza ndoo, kwani zamu yake ilikuwa ya usiku.