Mtoto anapoteza kila mechi? Pima kwanza, kadi mpya baadaye

Mama mmoja anayeishi Uingereza ameniandikia kuhusu mwanawe wa miaka 11. Kila Jumamosi kijana huenda kucheza kadi za Pokémon kwenye duka la karibu na kwao. Zamani alikuwa akirudi anacheka. Siku hizi anarudi amenuna, anasema fungu lake la kadi limekufa na anataka jingine. Mama anauliza: kadi zinakufaje? Au mtoto ameshajua njia ya kumkamua hela?

Najua kuna atakayesema safu hii ni ya afya, kadi zimeingiaje? Zimeingia kwa sababu mtoto anayepoteza kila wiki bila kujua sababu huanza kuamini kwamba yeye ndiye hana akili. Na zahanati imetufundisha jambo linalofaa hapa: si kila homa ni malaria. Unapima, ndipo unameza dawa.

Kwanza, mtoto hadanganyi. Karata tulizozoea, zile 52, hazizeeki. Turufu ya babu ni turufu mpaka leo. Pokémon ni tofauti. Mchezo huu ulianza Japani mwaka 1996 na kila mwaka hutolewa kadi mpya. Mchezaji hujipangia mwenyewe fungu la kadi 60, na kadi ya jina moja haziruhusiwi kuzidi 4, isipokuwa kadi za kawaida za nishati. Kwa hiyo watoto wawili hukutana mezani na silaha tofauti kabisa, na silaha hizo zinaweza kupitwa na wakati.

Kipimo cha kwanza: herufi

Chukua kadi, tazama pembe ya chini kushoto. Utaona herufi ndogo. Kwenye mashindano ya kiwango kinachoitwa Standard, herufi za zamani huondolewa kila baada ya muda. Aprili 11, 2025, kwa mfano, herufi F iliondolewa, zikabaki G, H na I. Mafungu yaliyotegemea Lugia VSTAR au Comfey ya herufi F yalikwisha siku hiyo, hata kama wiki moja kabla yalikuwa yanashinda.

Lakini kuna fungu linaloondokewa na viungo tu, moyo ukabaki. Fungu la Charizard ex lilikuwa hivyo. Charizard mwenyewe alikuwa na herufi G, akabaki. Walioondoka ni wasaidizi wake kama Rotom V na Lumineon V. Hapo hununui fungu jipya, unabadilisha kadi chache.

Pia kuna msamaha: kadi ileile ikichapishwa tena kwa herufi mpya, nakala ya zamani inaendelea kuruhusiwa. Ultra Ball ni mfano. Kwa hiyo usitupe kitu kabla ya kutazama orodha ya sasa kwenye tovuti rasmi ya mchezo.

Mwanao akicheza Yu-Gi-Oh!, kipimo hiki hakimhusu. Huko kadi haziondolewi kwa umri, ila kuna orodha ya kadi zilizopigwa marufuku au kupunguzwa, na orodha hiyo hubadilika.

Kipimo cha pili: wapinzani

Fungu linaweza kuruhusiwa na bado likawa linapigwa, kwa sababu waliokaa upande wa pili wamebadilika. Turudi kwa Charizard ex. Ana uhai wa 330, si haba. Udhaifu wake ni aina ya majani: pigo la majani humwumiza mara mbili. Pigo la 170 linakuwa 340, naye ameanguka. Na kwa kuwa yeye ni ex, mpinzani anachukua kadi 2 za ushindi kati ya 6 anazohitaji. Kama duka zima limehamia kwenye majani, Charizard atateseka. Wakiacha, atapumua.

Kwa hiyo muulize mtoto: "Umepigwa na nani?" Asikutajie watoto, akutajie mafungu. Kama katika mechi 6 alizopoteza 5 ni dhidi ya fungu la aina moja, tatizo ni hilo, na pengine kadi mbili tatu za kujikinga zinatosha. Kama anapigwa na kila aina, endelea na kipimo cha tatu.

Kipimo cha tatu: fungu linafanya kazi yake?

Mwambie akuonyeshe kadi ambayo bila hiyo fungu haliendi. Kisha uliza ameweka ngapi. Mchezo unaanza kwa kuvuta kadi 7. Kama kadi hiyo iko 1 tu kati ya 60, nafasi ya kuipata mwanzoni ni karibu asilimia 12. Zikiwa 4, nafasi inapanda hadi karibu asilimia 40. Watoto wengi hujaza fungu kwa kadi nzurinzuri, moja ya hii na moja ya ile, halafu wanalalamika kwamba hawapati kadi. Fungu la namna hiyo halijazeeka. Limepangwa vibaya, na kulipanga upya ni bure.

Kipimo hiki mnaweza kukifanya nyumbani. Achanganye, avute 7, aseme kama angeweza kuanza nazo vizuri. Arudie mara 20 na kuandika ndiyo au hapana. Kama hapana ni nyingi kuliko ndiyo, jibu mmelipata.

Usihukumu kwa wiki mbili

Tukiripoti habari za dawa huwa tunauliza: imejaribiwa kwa wagonjwa wangapi? Uliza hivyo hivyo hapa. Wachezaji wawili wenye nguvu sawa wakicheza mara 10, nafasi ya mmoja wao uliyemchagua kupoteza 7 au zaidi kwa bahati mbaya tu ni karibu 1 kati ya 6. Kwa hiyo Jumamosi mbili mbaya hazithibitishi kitu. Mnunulie daftari kabla ya kadi. Kila mechi aandike mistari mitatu: fungu la mpinzani, nani alianza, na kwa nini mechi iliisha vile. Mechi 20 au 30 zikishaandikwa, mtakuwa na cha kujadili.

Ukifika wakati wa kununua

Kama vipimo vimeonyesha kwamba moyo wa fungu umeondolewa, basi mtoto ana haki, fungu limekwisha. Hata hapo usikimbilie pakiti zilizofungwa. Pakiti ya Kiingereza ina kadi 10 usizozijua, na kufukuzia kadi moja kwa kufungua pakiti ni kama bahati nasibu. Msisimko wake huwavuta watoto, na watu wazima pia. Nunua kadi mojamoja, zile zilizo kwenye orodha yenu tu.

Kabla ya kulipa, aandike majina na maelezo ya kadi anazozitaka kwenye vipande vya karatasi, avitie kwenye vifuko vya kadi, acheze navyo nyumbani wiki mbili. Mashindanoni havikubaliki, lakini mezani kwenu vitamwonyesha kama fungu jipya linamfaa au alilipenda kwenye video tu.

Na usiku wa kuamkia mashindano alale mapema. Mtoto mwenye usingizi husahau kadi aliyonayo mkononi, na hakuna toleo jipya linalotibu hilo.

Ukishafanya yote, unaweza kukuta fungu ni zima, wapinzani ni walewale, na mtoto anapoteza kwa sababu bado anajifunza. Mwambie hivyo bila kuficha na bila kejeli. Kwa mtoto wa miaka 11 hiyo ni habari njema: kadi hupitwa na wakati, lakini mikono yake inaendelea kukomaa. Jumamosi akirudi, kabla ya kumuuliza kama ameshinda, mwombe akuonyeshe daftari.