Msimu wa Maembe ni wa Wawili
Jumapili jioni hapa Ipuli, Tabora, niliona mume na mke wa makamo wakinunua maembe kando ya barabara. Mke akiyabonyeza kwa kidole gumba kujua lipi limeiva, mume kashika mfuko, kisha wakaondoka kwa miguu wakila na kucheka. Wapenzi wa Marekani nao wana msimu wao: huisubiri sikukuu ya Halloween, Oktoba 31, wavae mavazi ya kutisha na kuchonga maboga. Kwetu Tabora mwisho wa Oktoba ni joto, mvua inanukia, na miembe iliyopandwa kwenye njia ya zamani ya misafara ya Ujiji imeinama kwa matunda. Na pa kutembea pamoja papo: kule Kwihara, si mbali na mji, lipo tembe alilokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872. Ni wenyeji wangapi tumefika huko na wenzi wetu? Wengi tunatoka pamoja kwenda msibani na harusini, basi. Mimi na mwenzangu embe la kwanza la msimu hatulili ndani; tunatoka. Ndoa haishibi ugali peke yake. Anayempa mkewe hela ya matumizi akamnyima muda wake, bado hajamtunza. Jumapili hii mchukue mwenzio, mwende Kwihara.